Maumivu ya siku za mwisho yana dawa

Mhariri,

Mgonjwa akiulizwa anaendeleaje, jibu lake ni kipimo. Mwaka 1997 Ellen Idler na Yael Benyamini walipitia tafiti 27. Karibu zote zilionyesha kuwa anayesema afya yake ni mbaya yuko katika hatari kubwa zaidi ya kufa, hata magonjwa yake yanayojulikana yakizingatiwa. Huko Ujerumani, Denis Gerstorf na wenzake waligundua kuwa wazee huanza kupoteza kwa kasi furaha ya maisha takriban miaka 4 kabla ya kifo.

Lakini kwamba mwisho huonekana kabla haujafika si sababu ya kumwacha mtu agugumie kwa maumivu.

Uganda imeonyesha njia. Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na silaha yake kubwa ilikuwa mofini ya maji: unga wa dawa hiyo kali ya maumivu, uliokorogwa kwa maji na kutiwa kwenye chupa ya plastiki. Mgonjwa hunywa kipimo chake nyumbani kila baada ya saa 4. Cha kulalia huwa maradufu, naye hulala hadi asubuhi. Mwaka 2004 wauguzi waliosomea tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia maumivu mgonjwa asiyepona, waliruhusiwa kuwaandikia wagonjwa mofini, maana vijijini madaktari ni wa kutafuta.

Aliyekuwa akijikunja kitandani hukaa kitako, huomba uji, huwaita wajukuu.

Familia nyingi bado huiogopa mofini zikidhani inaharakisha kifo. Gazeti hili lizieleze kuwa ikitolewa kwa kipimo sahihi haiui, na kwamba tiba shufaa huombwa mapema, kabla daktari hajasema, "Mrudisheni nyumbani."

Msomaji wenu,
Dar es Salaam