Anayehamisha kielekezi si mwizi

Aprili 2006 kampuni ya Nintendo iliingiza sokoni nchini Japani gemu ya Mother 3, iliyoandikwa na Shigesato Itoi kwa ajili ya mashine ya mkononi ya Game Boy Advance. Haikutolewa kwa Kiingereza, na hata ilipowekwa kwenye huduma ya mtandaoni ya mashine yao ya Switch mwezi Februari 2024, iliwekwa Japani peke yake na kwa Kijapani kilekile. Aliyeisoma kwa Kiingereza anawashukuru wapenzi wa gemu hiyo, walioongozwa na mfasiri Clyde Mandelin, ambao walitoa tafsiri yao bure Oktoba 2008. Watu wa aina hiyo hutiwa kapu moja na wanaonakili gemu na kuziuza mitaani. Hukumu hiyo si ya haki, na ushahidi umo ndani ya kazi yenyewe, katika namba ya baiti 4 iitwayo kielekezi.

Kaseti ya gemu ni kama kitabu kilichochapwa bila aya wala vichwa vya sura. Picha, muziki, maneno na amri za mashine vimepangwa mfululizo, na kaseti ya Game Boy Advance huweza kubeba hadi megabaiti 32 za vitu hivyo. Mashine haijui sentensi fulani inaanzia wapi mpaka ielekezwe, na kinachoielekeza ni kielekezi, yaani namba inayotaja mahali. Hapo ndipo mfasiri anapokwama. Samaki kwa Kijapani ni sakana, alama 3 tu za kana. Kwa Kiswahili ni herufi 6. Sentensi ya pili huanza pale pale ya kwanza inapoishia, kwa hiyo ukiandika maneno marefu kuliko ya asili umefuta ya jirani. Mfasiri asiyegusa vielekezi hana budi kukatakata: mama anayemwambia mtoto wake “karibu nyumbani, mwanangu, nilikuwa nakungoja” atabaki na “karibu”. Anayejua vielekezi hutafuta sehemu tupu ya kaseti, mara nyingi mwishoni, palipojazwa baiti FF mfululizo (namba hizi huandikwa kwa msingi wa 16), huandika hapo sentensi yake nzima, kisha huirudia ile namba ya zamani na kuiandika upya ili itaje makao mapya. Game Boy Advance huiona kaseti kuanzia anwani 08000000, hivyo maneno yaliyohamishiwa nafasi ya 7A1230 yatakuwa kwenye anwani 087A1230. Na kwa kuwa baiti ya mwisho ya anwani ndiyo hutangulia kuandikwa, kielekezi chenyewe husomeka 30 12 7A 08. Ukikosea tarakimu moja, mzee wa kijiji aliyepaswa kumpa shujaa wasia atatamka herufi zisizo na maana, au mashine itaganda.

Kuandika namba hiyo ni kazi ya dakika moja. Kujua ipo wapi kunaweza kuchukua siku nyingi. Baiti hizo 4 zinaweza kutokea kwa bahati tu katikati ya picha, na ukizibadilisha umeharibu uso wa mtu. Sentensi moja inaweza kuelekezwa na vielekezi viwili au vitatu, na ukisahau kimoja, kosa litajitokeza mwishoni mwa gemu, saa nyingi baadaye. Kwenye Game Boy ya kwanza, ya mwaka 1989, mambo ni magumu zaidi: kaseti hugawanywa katika mafungu ya kilobaiti 16, na kielekezi cha baiti 2 peke yake hakitoshi kutaja fungu jingine. Ni lazima kwanza ujue ni amri gani inayofungua fungu lipi. Wapo wanaosema siku hizi kuna programu zinazokokotoa vielekezi vyote zenyewe, kwa hiyo hakuna ustadi wa kusifiwa hapa. Programu hizo zipo na zinasaidia sana, lakini hukokotoa baada ya binadamu kuziambia jedwali la vielekezi liko wapi na limepangwaje, na kila gemu ina mpangilio wake. Anayefika hapo ameisoma kazi ya mwenzake kwa makini kuliko wasomaji karibu wote. Mwizi hana haja ya kusoma kiasi hicho. Kunakili kaseti nzima hakuhitaji kujua hata kielekezi kimoja.

Pingamizi zito ni la kisheria, na halipaswi kukwepwa. Mkataba wa Berne unampa mwenye kazi haki ya kuruhusu au kukataza tafsiri, na Tanzania na Kenya ni wanachama wake. Kwa maandishi ya sheria, basi, tafsiri ya mashabiki iko mahali pabaya. Lakini tuangalie kinachosambazwa hasa. Desturi ya wafasiri hawa ni kutoa kiraka, faili ndogo inayosema: nenda nafasi hii, andika baiti hizi. Gemu yenyewe haimo, na kiraka bila gemu hakichezeki. Ni kweli kwamba wengi hukipachika kwenye nakala waliyoipata bila kulipa, na hilo ni kosa. Kosa hilo ni la aliyesambaza nakala na aliyeichukua, na dawa yake iko mikononi mwa mwenye haki: aiuze gemu kwa lugha ambayo watu wanaielewa. Mwaka 2013 Mandelin alijitolea hadharani kuwapa Nintendo tafsiri ya Mother 3 bure. Tafsiri hiyo haijatumika mpaka leo.

Wengine watauliza kwa nini gazeti lipoteze nafasi kwa michezo ya watoto. Jibu langu ni kwamba gemu ni maandishi pia, na maandishi haya yanapotea. Mwaka 2023 taasisi ya Video Game History Foundation ya Marekani ilitoa utafiti ulioonyesha kuwa asilimia 87 ya gemu zilizotoka nchini humo kabla ya 2010 haziuzwi tena. Kwa gemu za familia ya Game Boy, zilizokuwa bado zinauzwa hazikufika asilimia 6. Kazi isiyouzwa haimwingizii mwenyewe chochote, na kumzuia mtu kuifasiri hakumlindi yeyote. Kwa Kiswahili hoja hii ina uzito zaidi, kwa sababu kama soko la Kiingereza lenyewe halikutosha kuivuta Mother 3, hakuna kampuni itakayorudi nyuma miaka 20 kufasiri gemu kama hiyo kwa ajili yetu. Ikifasiriwa, itafasiriwa na kijana wa Mwanza au Mombasa anayejua vielekezi, na maneno yetu yenye viambishi yatamdai nafasi kwenye karibu kila mstari.

Sheria inao mfano wa kuigwa. Kiambatisho cha Mkataba wa Berne cha mwaka 1971 kinaziruhusu nchi zinazoendelea, kwa masharti, kutoa leseni ya kufasiri kazi zilizochapishwa kwa ajili ya kufundishia na utafiti hata mwenye haki asipokubali. Waliokiandika walitambua kwamba lugha isiyo na soko kubwa haiwezi kungoja hisani ya mchapishaji. Gemu hazimo ndani yake, na mlango huo haujafunguliwa kwa ajili yake. Ofisi zetu za hakimiliki, COSOTA ya Tanzania na KECOBO ya Kenya, zina nafasi ya kulisemea jambo hili katika vikao vya kimataifa: gemu isiyouzwa tena iruhusiwe kufasiriwa kwa kiraka kisichobeba kazi ya asili. Na kampuni zenye gemu hizo zitoe hadharani majedwali ya vielekezi vya kaseti zilizokwisha acha kuziuza.