Kipya Kinyemi: Kalamu ya Babu na Taifa Lisilopenda Kutunza

Wiki mbili zilizopita, katika kikao cha idara, nilitoa kalamu mfukoni ili nitie sahihi kwenye orodha ya mahudhurio. Mwenzangu mmoja, msomi ninayemheshimu, akaitazama na kuangua kicheko. "Dokta, utaacha lini kujitesa na kitu hicho cha makumbusho? Peni siku hizi haifikii hata bei ya soda. Ikiisha, tupa, chukua nyingine." Waliokuwapo wakacheka, nami nikacheka nao. Lakini nilipokuwa narudi nyumbani kicheko kile kiligoma kunitoka akilini, kwa maana siku chache kabla ya hapo nilikuwa nimekisikia kwa sauti nyingine, mahali pengine.

Nilikuwa Idete, katika Bonde la Kilombero, nyumbani kwa wazee wangu. Katika kitongoji kimoja huko, pampu ya mkono ya kisima imesimama kavu kwa muda wa miezi saba. Ni ya aina ya Afridev, iliyobuniwa katika miaka ya 1980 na kujaribiwa Malawi na Kenya kwa kusudi maalumu: kwamba wanakijiji wenyewe, wanawake kwa wanaume, waweze kuifungua kwa spana moja na kubadilisha kilichochakaa. Kilichochakaa ni raba ya pistoni, isiyozidi upana wa kiganja cha mtoto. Bei yake haifikii bei ya kuku. Kwa ajili ya raba hiyo kina mama wamerejea mtoni, kwenye maji machafu na mamba. Nilipouliza, niliambiwa kwamba ofisi husika imekwisha kutoa jibu: wasiwe na haraka, mradi mpya unakuja.

Ikiisha, tupa, chukua nyingine. Mradi mpya unakuja. Ndugu msomaji, hizi si kauli mbili. Ni kauli moja, na hoja yangu leo ni kwamba kauli hiyo inatugharimu kuliko umaskini wenyewe. Vitu vyetu havifi kwa sababu hatuna fedha ya kuvitunza. Vinakufa kwa sababu tunaidharau kazi ya kutunza. Naomba nilithibitishe hilo kwa kalamu hiyohiyo iliyochekwa.

Kalamu yenyewe ni Parker 61, aina iliyoingia sokoni mwaka 1956. Kalamu nyingi za wino za zama zile zilijazwa kwa nguvu ya mkono. Mtu alibana kifuko cha mpira, au aliinua kijiti cha chuma ubavuni, au alizungusha pistoni. Hii haina hata kimoja kati ya hivyo. Unafungua ganda la nyuma, unauchovya mkia wake ndani ya kichupa cha wino huku nibu ikitazama juu, kisha unaiacha. Ndani ya mkia mna utando mwembamba wa plastiki wenye vitundu vingi, ulioviringwa kama mkeka, na wino hupanda wenyewe katika nafasi finyu zilizopo kati ya mkunjo na mkunjo. Nusu dakika inatosha. Ukiutoa, mkia huwa karibu mkavu, kwa kuwa nje umepakwa Teflon, dawa ileile ya vikaango visivyoshika chakula.

Aliyekulia Idete hahitaji maabara ili aielewe kanuni hiyo. Ndiyo inayopandisha mafuta ya taa kwenye utambi wa koroboi. Ndiyo inayolisafirisha tone la damu ndani ya kipimo cha haraka cha malaria, kipimo ambacho watu wa bonde letu, walioishi kwa miongo mingi jirani na watafiti wa malaria wa Ifakara, wanakifahamu kama wanavyofahamu jembe. Hakuna kinachosukuma, hakuna kinachovuta kwa pupa. Palipo na njia finyu iliyo safi, kimiminika hupanda.

Iliyo safi: hapo ndipo penye shughuli. Njia zilezile zinazopandisha wino ndizo zinazozibwa na wino ukikauka. Kalamu hii ukiitumia kila siku na kuisafisha kwa wakati wake, inakutumikia bila kelele. Ukiisahau drooni kwa mwaka mmoja, inageuka kijiti.

Babu yangu alilijua hilo. Alikuwa karani wa ushirika, mtu wa mizani na daftari la mpunga, na aliinunua kalamu hii Dar es Salaam mwaka 1962 kwa akiba ya miezi kadhaa. Bibi alikuwa akinisimulia, nusu akisifu na nusu akilalamika, "Babu yako aliiogesha kalamu ile kuliko alivyowaogesha baba zako." Kila baada ya majuma machache, siku ya Jumamosi, aliketi barazani na bakuli la maji ya mvua yaliyokingwa kwenye michirizi ya paa, kwa sababu maji ya kisima yana chumvi inayoacha ukoko. Watoto hawakuruhusiwa kuigusa, ila waliruhusiwa kutazama.

Alipofariki, kalamu iliwekwa ndani ya sanduku la bati pamoja na vyeti vyake. Hakuna aliyeiosha. Nilipoikuta, mwaka 2011, ilikuwa haitoi hata nukta. Fundi mmoja mjini aliipima mkononi na kuniambia niibakize kama pambo. Nilifanya alichokuwa akifanya babu, kwa muda mrefu zaidi. Nilitwaa bomba la sindano lisilo na sindano, nikaliunganisha na kipande cha mpira wa dripu, nikauvisha mpira ule kwenye mkia wa kalamu na kusukuma maji ya baridi polepole. Maji ya moto hayafai, huweza kupinda plastiki. Spiriti nayo haifai. Siku ya kwanza maji yalitoka meupe, nikakata tamaa. Siku ya tatu yakatoka na uzi mwembamba wa buluu. Siku ya nne yakawa buluu tupu, wino ambao babu alikuwa ameujaza kwa mkono wake mwenyewe, na sikuona haya kunyamaza kidogo mbele ya bakuli lile. Ilichukua siku kumi na moja hadi maji yakatoka safi. Sikununua kipuri hata kimoja.

Na raha yake? Ninaisema bila kuomba radhi. Peni ya kawaida ina wino mzito, hivyo lazima uikandamize. Ukisahihisha vitabu 200 vya mitihani, kidole gumba kinakuambia. Kalamu hii haitaki kukandamizwa. Nibu yake ya dhahabu inagusa karatasi na wino unashuka wenyewe, sentensi inakwenda kwa mwendo wa fikra. Kasoro zake nazijua: karatasi hafifu ya kunakilia huusambaza wino, na wino wa kuchorea, wenye gundi ndani yake, ungeiua kwa siku moja. Kila kitu kizuri kina masharti yake. Kuyajua masharti hayo ni sehemu ya raha.

Sasa niwajibu wapinzani, maana wapo, na hoja zao si za kupuuzwa.

Wa kwanza watasema kwamba huu ni ukoloni mfukoni, mapenzi ya msomi kwa masalia ya Mwingereza. Nawajibu kwamba kalamu ile haikuandika amri za mkoloni. Iliandika kilo za mpunga wa mkulima wa Kilombero katika miaka ya mwanzo ya uhuru, ili asipunjwe. Zaidi ya hayo, anayetegemea kununua kipya kila mara kutoka kwa aliyekitengeneza, na anayeweza kukifungua alichonacho na kukirejesha kazini, ni yupi kati yao aliye huru?

Wa pili watasema kwamba muda ni mali, kwa nini siku kumi na moja zipotee kwa kalamu? Swali hili ni la haki kwa mtu mmoja na kalamu yake. Mimi nilipata raha, mwingine angeona ni adhabu. Lakini likihamishiwa kwenye pampu ya kitongoji, hesabu inageuka. Muda unaopotea si wa fundi wa kubadilisha raba, kazi ya nusu siku. Ni wa kina mama wanaokwenda mtoni kila alfajiri kwa miezi saba.

Wa tatu ndio wenye hoja nzito. Watasema kwamba hata kampuni yenyewe iliukimbia mfumo huo, na mwishoni mwa miaka ya 1960 Parker 61 ikaanza kujazwa kwa vibweta vya wino vya kubadilisha. Ni kweli. Na sababu kubwa ni kwamba kalamu nyingi ziliziba mikononi mwa wenyewe. Waliuziwa kalamu inayojijaza yenyewe, wengi wakasikia kwamba pia inajisafisha yenyewe. Hapo hasa ndipo ninapotaka tupatazame, kwa sababu huo ndio ugonjwa wetu. Tunanunua vitu kwa sifa za siku ya kwanza. Hatuulizi siku ya elfu moja itakuwaje.

Itazameni reli inayopita bondeni mwetu, kutoka Ifakara kwenda Mlimba na kuendelea. TAZARA ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, kwa jasho na damu ya Watanzania, Wazambia na Wachina. Ilisanifiwa kubeba tani milioni 2 za mizigo kwa mwaka. Kufikia mwaka 2014/15 ilikuwa inabeba chini ya tani 100,000. Sababu ni nyingi: mtaji, uongozi, ushindani wa malori. Lakini injini iliyosimama kwa kukosa kipuri na njia iliyochakaa bila kukarabatiwa ni miongoni mwake. Mwezi Septemba 2024 wakuu wetu walikuwa Beijing kushuhudia hati ya makubaliano ya kuihuisha reli ileile. Sibezi msaada wa rafiki. Nauliza tu: aliyetujengea amerudi kutusafishia, je, safari hii tutajifunza kusafisha wenyewe, au tutamwalika tena baada ya nusu karne nyingine?

Sote tulikariri shuleni kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Tulipopata vyeo tukagundua jambo ambalo mwalimu hakutuambia: kujenga ukuta kuna zabuni, kuna posho, kuna utepe wa kukata na kibao chenye jina la mgeni rasmi. Kuziba ufa hakuna hata picha moja gazetini. Wahenga walituonya pia kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda, nasi tumekigeuza kidonda kuwa sera.

Nisishie kulalamika. Nadai mambo matatu. Kwanza, kila mradi wa umma utakaozinduliwa, kibao chake kioneshe, chini ya jina la mgeni rasmi, ni nani mwenye dhamana ya kuutunza na ni kifungu gani cha bajeti kitakachomlipa. Pili, hakuna mtambo upokelewe bila vipuri vya miaka ya mwanzo na watu wawili wa mahali pale waliofundishwa kuufungua na kuufunga mbele ya mkutano wa kijiji. Tatu, sisi wa vyuo vikuu tuache unafiki. Tunatahini ubunifu, hatutahini utunzaji. Mwanafunzi wetu anaweza kuchora mtambo mpya ubaoni lakini anamwita "fundi tu" yule anayeufufua wa zamani. Dharau hiyo huanzia midomoni mwetu.

Nilipoondoka Idete niliacha fedha ya raba ile kwa mjomba, na ninajua pampu itatoa maji. Lakini hilo si suluhisho, ni sadaka, na raba hiyo nayo itachakaa. Kwa hiyo nimemwomba mjomba asimame katika mkutano ujao wa kijiji na kuuliza swali moja mbele ya diwani: raba ya mwaka kesho iko ukurasa wa ngapi wa bajeti? Nawe msomaji, popote ulipo, pana pampu yako, daraja lako, maabara yako. Liulize swali hilohilo, na ulidai jibu lake kwa maandishi.