KUUMA NA KUPULIZA



Zamani tajiri mkali alijulikana kwa sauti yake. Alikutukana mbele ya watu, nawe ukaja katika ofisi ya Chama na mashahidi waliosikia. Siku hizi katika ofisi nyingi mkubwa hukuita "ndugu yangu", hukuuliza habari za watoto, na jioni unajiona huna kazi wala hukusikia neno moja baya.

Mwanachama mmoja, karani wa hesabu, alitujia akiwa na barua. Hakutukanwa hata siku moja. Kwanza aliachwa nje ya mikutano, akaambiwa, "Hatukutaka kukusumbua." Kisha hesabu zake wakapewa kijana aliyefundishwa na yeye mwenyewe, ati apumzike kidogo. Simu yake ikawa inalia saa nne za usiku, kila ujumbe ukianza na "samahani" na kuisha na "asante sana". Mwishowe aliitwa chumbani, akapewa soda, akaonyeshwa barua ya kujiuzulu iliyokwisha pigwa chapa, jina lake chini. "Tunakulindia heshima yako," wakamwambia.

Nusura atie sahihi, na sababu ilikuwa haya tu. Aliona vibaya kumkatalia mtu anayesema naye kwa upole. Sisi tumelelewa kujibu adabu kwa adabu, na wakubwa hao wanalijua sana jambo hilo.

Sasa sikilizeni kwa nini barua ile hupigwa chapa mapema. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 41, yasema kwamba mwajiri anayetaka kumwachisha mtu kwa tabia mbaya, kwa kutofanya kazi vizuri au kwa kutojiweza mwilini, lazima kwanza amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu. Na mfanya kazi ana haki ya kuwa na mwenzake, au mjumbe wa Chama wa pale kazini, akisikia yote. Lakini anayejiuzulu "kwa hiari" haelezwi kitu wala haji na mtu. Soda moja imemwondolea tajiri kazi yote hiyo, pamoja na hatari ya kulipa fidia ambayo yaweza kufika mshahara wa miezi 12.

Ni kweli kwamba mwaka 2015 Mahakama ya Rufani ya Kenya ilikubali kuwa mwajiri akimharibia mtu kazi hata akalazimika kuondoka, kuondoka huko huweza kuhesabiwa ni kufukuzwa. Lakini mzigo wa kuthibitisha ni wa mfanya kazi, na tabasamu halithibitishwi mahakamani. Kwa hiyo nunua daftari. Andika tarehe, nani alisema nini, nani alikuwapo. Usifute ujumbe wa simu. Ukitoka katika mazungumzo matamu, mwandikie mkubwa barua fupi nawe kwa upole: "Leo ulinieleza hivi na hivi, ikiwa sikuelewa vizuri, tafadhali unisahihishe." Akinyamaza, barua yako imebaki. Na usitie sahihi karatasi yo yote siku ile ile unayopewa, hata ukiambiwa ni desturi tu.

Yatupasa kusema na letu. Wenzake karani huyu walianza kula chakula cha mchana mbali naye kabla hajaambiwa lo lote, walikwisha nusa. Na sisi wa kamati, mara ya kwanza alipokuja, tulimwuliza, "Je, wamekutukana? Wamekukata mshahara?" Aliposema hapana tukamrudisha. Hilo lilikuwa kosa letu.

Katika mkutano wa pili alikwenda na mjumbe wetu. Barua ile haikuwa mezani, wala soda. Hesabu zake bado hajarudishiwa, na kamati itawaona tena wakubwa wake mwisho wa mwezi.