Kabla ya Nepal, Pitia Kendwa

Wanachuo wenzangu, kila likizo ndefu ikikaribia simu zetu zinajaa matangazo ya kujitolea. Njoo Nepal, njoo Kambodia, ukae na watawa wa Kibudha, uwasaidie kujenga madarasa ya watoto maskini. Picha zenyewe zinavutia: majoho ya rangi ya chungwa, milima kwa nyuma, kijana kashika mwiko. Ukishuka chini kidogo unakutana na ada, na tiketi ya ndege ni juu yako. Kwa anayesubiri bumu ili alipe kodi ya chumba hiyo ni ndoto ya mchana, lakini wapo kati yetu wanaochangisha jamaa ili waende. Mimi nasema wazo ni zuri, ila tumelishika miguu juu kichwa chini.

Tuwatazame Wabudha wenyewe. Mwaka 1958, A. T. Ariyaratne, mwalimu wa skuli ya Nalanda mjini Colombo, aliwachukua wanafunzi wake wakaenda kuishi na kufanya kazi katika kijiji cha Kanatoluwa, kwa watu waliotengwa na jamii. Kutoka hapo ikazaliwa harakati ya Sarvodaya Shramadana, iliyokuja kuenea katika maelfu ya vijiji vya Sri Lanka, na watawa wengi wakashiriki. Shramadana maana yake ni kutoa jasho lako kama sadaka. Wanakijiji wanakaa, wanasema wanahitaji nini, kisha kila mtu anashika jembe, mwenyeji na mgeni. Na wale wanafunzi hawakupanda ndege. Walikwenda kwenye kijiji cha nchi yao wenyewe.

Hilo kwetu si geni. Bara wanaita msaragambo. Hapa Zanzibar, tangu elimu ilipotangazwa kuwa bure tarehe 23 Septemba 1964, skuli nyingi zimesimama kwa mikono ya wananchi: kijiji kinapandisha kuta, Serikali inakuja kuezeka na kumalizia. Pale mchango unapokatika, kuta zinabaki zinaota majani, na watoto wanaendelea kusoma kwa mikondo miwili, hawa asubuhi, wale mchana.

Sasa njoo Kendwa. Panda gari ya Nungwi, shuka njia panda. Ukifuata pwani utakuta mahoteli na muziki wa usiku wa mwezi mpevu. Ukigeukia kijijini utakuta wazazi wanaohesabu mfuko mmoja mmoja wa saruji. Wageni wa kujitolea wanafika sana huku kaskazini. Wanakaa wiki mbili, wanapaka rangi ukuta, wanapiga picha na watoto, wanaondoka. Nia yao siikejeli. Ila wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na mgeni wetu siku ya tatu yuko safarini kurudi.

Tupige hesabu. Ukiweka mfuko wa saruji kwa shilingi 20,000, milioni mbili za tiketi ni mifuko 100. Halafu kuna fundi. Kijana wa Kendwa anayejua kuchanganya zege na kufunga nondo anakaa barazani bila kibarua, wakati mwanachuo wa mwaka wa pili anapanga tofali lililopinda ambalo kesho litabomolewa. Huko ni kumpora fundi riziki yake na kumwachia mtoto ukuta mbovu.

Napendekeza umoja wetu uandae kambi ya likizo, kwa masharti manne. Kwanza, kamati ya skuli ndiyo ituite na itupangie kazi. Pili, ujenzi uongozwe na fundi wa kijiji naye alipwe. Sisi tubebe maji, mchanga na kifusi. Tatu, kila mtu atoe alichosomea: wa uhasibu aandike daftari la michango lisomwe mbele ya wazazi, wa ualimu afundishe hesabu na sayansi jioni. Nne, picha za watoto zisipigwe bila ridhaa ya wazazi wao, na turudi kila likizo mpaka paa liezekwe.

Nawasikia watakaosema hiyo ni kazi ya Serikali, tunalipa kodi. Kweli kabisa, na tuendelee kuidai. Lakini anayedai huku ana daftari mkononi, akijua ukuta umesimama tangu lini na pungufu ni kiasi gani, hujibiwa tofauti na anayelalamika kwenye kundi la WhatsApp. Wengine watauliza tuna lipi la kujifunza kwa Wabudha. Wasinhala waliokuja Dar es Salaam mwanzoni mwa karne ya 20 walijenga hekalu lao, lipo mpaka leo, na hakuna aliyepoteza dini yake kwa kuwa jirani nao. Nasi tuna sadaka yenye kuendelea. Darasa likitumika miaka 40, thawabu haiulizi wazo lilitoka wapi.

Anayetaka kwenda Nepal aende, dunia ni ya kutembea. Ila kwanza akakae wiki tatu Kendwa, alale nyumba ya mwenyeji, ale anachokula mwenyeji. Akimaliza hapo ndipo atajua ana nini cha kuwapa watawa. Viongozi wa umoja, likizo iko mlangoni. Iandikieni kamati ya skuli barua wiki hii.