Ua la Kwetu Lisilo na Heshima Kwao

Ukimwomba mwanafunzi wa shule hii akutajie ua moja lililotoka katika nchi yetu likaenea duniani pote, huenda akakutajia waridi, nalo ni ua la kigeni. Ni wachache watakaotaja urujuani wa Usambara. Kwa maoni yangu jambo hili ni aibu kwetu, tena ni hatari, nami nitaeleza kwa nini.

Kwanza yafaa tujue ya kuwa urujuani si ua moja. Jenasi iitwayo Viola ina aina zipatazo 600, nazo zatofautiana mno. Ule wa Ulaya unaonukia, Viola odorata, hutumiwa kutengenezea manukato. Katika milima ya Andes, Amerika ya Kusini, ziko aina fupi sana zilizolala chini, majani yake yamepangwa kwa duara, ili zistahimili baridi na upepo. Katika visiwa vya Hawaii ziko zilizogeuka kuwa vichaka vyenye mashina magumu. Hata sisi wa Afrika Mashariki tunayo Viola abyssinica, ambayo huota katika milima yetu yenye baridi. Mbegu za aina nyingi zina kipande kidogo chenye mafuta. Sisimizi huzibeba kwa kupenda chakula hicho, kisha huziacha mbegu zenyewe, nazo huota mbali na mama yao.

Urujuani wa Usambara umepewa jina hilo kwa sababu ya sura na rangi tu, maana kwa ukoo si ndugu wa hizo nilizotaja. Katika miaka ya 1890 ofisa wa Kijerumani aliyetawala upande wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliuona, ukapelekwa Ujerumani. Mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland aliuita Saintpaulia ionantha. Mwaka 2015 wataalamu waliuingiza katika jenasi ya Streptocarpus. Leo wauzwa katika vyungu Ulaya, Marekani na kwingineko, na tangu mwaka 1946 wapenzi wake huko Marekani wana chama chao. Lakini huku ulikozaliwa, wengi hatuujui hata kwa jina.

Katika mdahalo wa muhula huu msemaji mmoja alisema ya kuwa ua haliliwi wala halivaliwi, basi likipotea hakuna atakayelala njaa. Alipigiwa makofi mengi. Sikatai kwamba watu wa milimani wanahitaji mashamba na kuni, wala si haki mtu aliyeshiba kumkemea mwenye njaa. Lakini msemaji yule alisahau kuuliza ua hili laishi wapi. Laishi juu ya mawe, chini ya kivuli cha miti mikubwa, mara nyingi kandokando ya vijito. Mizizi yake ni mifupi. Miti ikikatwa, jua hulipiga jiwe, unyevu hutoweka, na ua hufa. Sasa, msitu huo huo wa Usambara Mashariki ndio unaolinda chemchemi za mto Zigi, na mji wa Tanga hupata maji yake katika mto huo. Anayeharibu kivuli cha ua anaharibu pia mtungi wa jirani yake aliye bondeni. Je, maji nayo hayanywewi?

Wengine watasema, mbona maua haya yamejaa madukani Ulaya, yatapoteaje? Jibu ni kwamba maua ya madukani yalitokana na mimea michache tu iliyochukuliwa hapo zamani. Huku msituni ziko aina zinazotambaa na zinazosimama, zenye majani ya manyoya mengi na machache. Nyingine huota katika mlima mmoja tu. Ile ya Taita, nchini Kenya, yapatikana katika msitu wa Mbololo peke yake. Moto wa siku moja waweza kuimaliza. Wala hii si hofu ya bure. Huko Ufaransa palikuwa na urujuani ulioota katika mawe ya chokaa karibu na kijiji cha Cry. Wachimba mawe waliharibu makao yake, wakusanyaji nao wakang'oa uliosalia, ukatoweka katika karne ya 20. Nchi yenye vyuo vikuu na bustani kubwa ilishindwa kuurudisha.

Basi tufanye nini? Nina mapendekezo matatu. La kwanza, tunapojifunza elimu ya viumbe, tusitosheke na michoro ya maua ya ng'ambo. Tujifunze pia mmea huu wa kwetu. La pili, bustani ya shule ipate kitalu chake chenye kivuli. Haihitaji fedha nyingi, kwani jani moja likichomekwa katika udongo wenye unyevu hutoa mche mpya. Ila jani hilo litoke kwa mtu aliyeupanda, si msituni, tusije tukawa kama wale wakusanyaji wa Cry. La tatu, namwomba Mhariri aanzishe shindano la kuupatia mmea huu jina zuri la Kiswahili, maana kuuita urujuani ni kuazima jina la mwingine.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Wageni wameona thamani ya kilicho chetu, wakakitunza madirishani mwao. Sisi tulio na msitu wenyewe hatuna udhuru. Kitalu kile chaweza kuchimbwa Jumamosi ijayo, nami nitakuja na jembe langu. Nani atakuja na mtungi wa maji?

Mwanafunzi, Kidato cha IV