Unamfundisha mwanahabari kamera, lakini virusi je?

Uliza msee yeyote aliyesomea diploma ya uanahabari hapa Kenya alifundishwa nini. Wengi watakuambia kuandika habari, kushika kamera, kusoma taarifa redioni, maadili, sheria za vyombo vya habari. Sasa muulize kama kuna siku alielezwa tofauti ya virusi na bakteria. Atakucheka. Hayo ni mambo ya Form Two, atasema, na aliyaacha huko huko. Mimi nilikaa kwenye kozi hiyo mihula mitatu kabla karo haijanishinda, na sayansi pekee niliyokutana nayo ilikuwa kuchaji betri ya kamera.

Mnaona ni kitu kidogo? Twende Sigor. Sigor ya Bomet, si ile ya Pokot Magharibi. Watu wa Nairobi wakisikia Bomet wanawaza majani chai tu, lakini chai iko juu kule, Konoin na kuelekea Kericho. Huku Chepalungu ni mahindi na ng'ombe. Basi Septemba 2011, eneo la Longisa, hapo hapo Bomet, mahindi yalianza kugeuka manjano. Majani yalikauka kuanzia pembeni, na mmea uliojikaza hadi kuzaa ulitoa magunzi yenye punje za kuhesabika. Watafiti walipochunguza walikuta virusi viwili vimeingia mmea mmoja kwa wakati mmoja. Kila kimoja peke yake kina nafuu. Vikikutana, shamba linakwisha. Ugonjwa huo, MLN kwa kifupi, ulikuwa haujawahi kuripotiwa Afrika. Kufikia 2014 ulikuwa umeshafika Tanzania, Uganda, Rwanda, Kongo na Ethiopia.

Sasa, wewe ni ripota. Umetumwa Longisa. Utaandika nini?

Kwa Kiswahili chetu cha kila siku, chochote kidogo kinacholeta ugonjwa ni "mdudu". Mtu ana mafua, ni wadudu. Jino linauma, ni wadudu. Mkulima akisikia redioni kwamba mahindi yameingiwa na wadudu, atafanya jambo la maana kabisa: ataenda agroveti, atanunua dawa, atapuliza. Pesa imeenda, na mahindi bado yanakauka. Kwa sababu dawa ya wadudu haiponyi virusi. Inaua thripsi na vidukari, wale wanaobeba virusi kutoka mmea hadi mmea, kwa hivyo ina kazi yake, lakini mmea ulioshikwa umeshikwa. Kinachosaidia ni kung'oa ulioambukizwa, kutafuta mbegu safi, na kuacha kupanda mahindi juu ya mahindi. Msimu mmoja unaweka maharagwe au viazi. Na hapa ndipo biolojia ya Form Two inalipa: virusi huzaana ndani ya seli hai tu, na hivi vya mahindi maharagwe si nyumba yao. Ripota anayejua hilo hatasema "serikali yawapiga marufuku wakulima kupanda mahindi" kisha akaondoka. Ataeleza kwa nini. Mtu akielewa kwa nini, anaweza hata kukubali kukaa msimu mzima bila mahindi ya kimyet, na hilo si jambo dogo kwa Mkipsigis.

Halafu hesabu. Mnakumbuka 2020? Kila alasiri tulikuwa tunangoja idadi ya walioambukizwa corona, na kichwa cha habari kilikuwa ni hiyo idadi tu. Watu 100 leo. Mia kati ya wangapi waliopimwa? Kati ya 1,000 ni asilimia 10. Kati ya 5,000 ni asilimia 2. Wizara ilikuwa inatoa idadi ya sampuli, lakini kwenye vichwa vya habari vingi ilipotelea njiani.

Ama chai ya zambarau, TRFK 306, ambayo watafiti wa chai wa Kericho waliitoa 2011. Mtandaoni inauzwa kama dawa ya kansa. Ina anthosianini, ndiyo, rangi ile ile iliyo kwenye kabeji nyekundu. Sijaona mtu akiuza kabeji kama dawa ya kansa. Lakini ngoja tu.

Najua jibu la walimu wa uanahabari: ripota si mwanasayansi, kazi yake ni kumpigia mtaalamu simu. Sawa, na umwulize nini? Usipojua kwamba kuna virusi na kuna anayevibeba, hutauliza "dawa hii inaua kipi?" Utauliza "mnawaambia nini wakulima?" na utapewa hotuba. Na wataalamu nao, bana, waende shule ya kuongea. Wengine ukiwasikiliza dakika kumi unatoka na neno moja, "stakeholders".

Mambo yanaweza kuwa mabaya zaidi. Tangu Januari 2026 watoto wa Gredi ya 10 wanaingia sekondari pevu kwa mikondo. Mtoto wa Sigor anayependa kutangaza akifuata sayansi ya jamii, anaweza kuaga maabara akiwa na miaka 15 hivi, kisha aende chuo ambako hatakutana nayo tena. Miaka michache baadaye ndiye atakayesoma habari za viwavijeshi kwenye redio ya Kikalenjin ambayo mamake anaisikiliza jikoni.

Sitaki digrii nyingine. Nataka mhula mmoja, wa lazima, katika kila diploma ya uanahabari: seli na magonjwa, udongo, hali ya hewa, na asilimia. Mtihani usiwe wa kukariri. Mwanafunzi apewe ripoti ya utafiti kuhusu MLN, aisome, kisha aieleze kwa dakika tatu kwa lugha ya kwao, mbele ya wakulima watano soko la Sigor. Mmoja akiuliza, "Sasa mvua ikija nipande nini?" na mwanafunzi abaki kutazama viatu vyake, arudie mtihani.