"Jaribu Tena" ni Tusi

Saa nane usiku, saa ya wachawi, nimeamka kuwangia bando. Bando la usiku ndilo ninaloliweza, na binti yangu wa kidato cha nne anataka video ya somo la Kemia, MB 480. Simu nimeiegemeza dirishani, mahali pekee nyumbani panaposhika mtandao. Asilimia 40. Asilimia 70. Asilimia 94. Hapo mstari ukasimama, na kwenye kioo yakatokea maneno manne: "Hitilafu imetokea. Jaribu tena." Nikabonyeza. Asilimia sifuri.

Sifuri! MB 450 zilizokwisha kuingia, zilizokwisha kukatwa kwenye bando langu, programu imezitupa jalalani. Kampuni yenyewe siitaji, maana nikianza kutaja sitamaliza. Ugonjwa huu wanao wengi.

Mpelekee fundi cherehani kitambaa chako cha kitenge, akiunguze kwa pasi, kisha akuambie, "Mama, lete kingine tujaribu tena." Mtaa mzima utajaa pale kibandani. Lakini fundi wa programu akituunguzia bando, tunainamisha kichwa, tunaenda kwa wakala, tunanunua jingine. Nani alituroga?

Najua jibu lao: "Ni mtandao." Sawa, mtandao wetu una vituko vyake. Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika chini ya bahari, na kuanzia Dar es Salaam hadi Kampala tukabaki kutazama viduara vikizunguka. Lakini muunganisho hausubiri balaa la baharini ndipo ufe. Kwa kawaida unatambulishwa kwa anwani na namba za milango za pande mbili, simu na seva. Ukitoka kwenye Wi-Fi ukaingia kwenye data ya simu, anwani yako inabadilika, na kwa seva wewe sasa ni mgeni asiyejulikana. Ukinyamaza kidogo, mitambo iliyo njiani inakusahau. Umeme ukikatika, kifaa cha Wi-Fi kinazima. Hiyo ni Jumanne ya kawaida. Fundi wa programu anayeshangaa mtandao kukatika ni fundi wa ngalawa anayeshangaa mawimbi.

Na dawa ipo, tena ya kale. Waraka wa kanuni za FTP, za kuhamishia mafaili, wa Oktoba 1985 tayari una amri iitwayo REST, ya kuanza upya kutoka mahali palipowekwa alama. Januari 1997, kanuni za HTTP/1.1, zilezile zinazobeba tovuti, zikaweka utaratibu ulio wazi: simu inaiambia seva, "Nimeshapata hadi hapa, nipe kilichobaki," na seva inajibu kwa namba 206, maana yake "chukua kipande chako." Basi! Utaratibu huu umewazidi umri vijana wengi wanaotuandikia programu hizi. Mwaka 2001 Bram Cohen akaleta BitTorrent, inayokata faili vipande na kukikagua kila kimoja. Kikiharibika kimoja, kinaombwa hicho tu. Haba na haba hujaza kibaba, wahenga walishasema. Hawa wenzetu wanakimwaga kibaba kila kikikaribia kujaa.

Wapo wanaodhani hili ni suala la uvumilivu tu. Hebu tupige hesabu. Faili linahitaji dakika 15 kuingia, na mtandao wa mtaani kwako unakatika kila baada ya dakika 10. Programu inayoendelea ilipoishia itamaliza kwa safari mbili. Inayoanza sifuri haitamaliza leo, haitamaliza Krismasi, haitamaliza hata ukikesha mwaka mzima, na kila dakika 10 inakula bando. Mwenye mtandao wa kasi haioni kasoro hii kamwe. Mwenye mtandao dhaifu, ambaye mara nyingi ndiye mwenye mfuko mwepesi, ndiye anayelipa mara tatu na kuambulia patupu. Tukiite kwa jina lake: ni kodi ya umaskini, na inatozwa na uvivu.

Kuna na ufisadi mdogo mdogo. Kiungo cha faili kinapewa uhai wa saa moja, na wewe kwa kasi yako unahitaji saa moja na nusu, kinakufia mkononi. Au programu inatangaza "Imekamilika," ukifungua video inakata katikati. Seva kwa kawaida hutaja ukubwa wa faili mwanzoni kabisa. Kulinganisha namba mbili nako kunahitaji shahada?

Walalamikie, utasikia ule wimbo wao: "Mbona kwangu inafanya kazi?" Kwako ni ofisini ghorofa ya saba, waya wa faiba umeingia hadi mezani na kiyoyozi kinavuma. Shuka huko. Panda daladala ya Mbagala saa ya foleni na simu ya bei nafuu. Anza kupakua faili la MB 500, zima data mara tatu njiani, kisha uiwashe. Programu yako ikirudi sifuri hata mara moja, usituuzie. Haijaiva.

Usiku wa pili nilibadili mbinu. Nikaazima kompyuta, nikachukua kiungo cha video ileile, nikakikabidhi kwa wget, programu ya bure iliyotoka mwaka 1996, isiyo na picha wala rangi. Unaiwekea herufi -c, nayo inaendelea ilipoishia. Mtandao ulikatika mara tatu, ikaendelea mara tatu. Kabla ya adhana ya alfajiri video ilikuwa imeingia yote.

Kumbe seva ilikuwa radhi muda wote kunipa kipande kilichobaki. Mtandao ulikuwa mbovu vilevile kama jana. Kilichokosekana ni mtu mmoja, mwenye mshahara, wa kuifundisha programu yake kuomba. Kwa hiyo anayetakiwa kujaribu tena si mimi.